TAHADHARI: Anauza vitako vya viraka kwa bei ya vitako halisi vya jeshi

Wadau wa bunduki za zamani, hasa mnaosaka vitako, yaani mbao zinazobeba chuma cha bunduki, vya Lee-Enfield na Mauser, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na nawaomba mkae naye mbali. Jina silitaji kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa. Mtamtambua kwa maneno yake: "mbao halisi ya jeshi, haijaguswa", picha za upande mmoja tu, na haraka ya kutaka hela yote kabla mzigo haujatoka.

Mimi nilitangaziwa kitako cha Karabiner 98k, ile Mauser ya Kijerumani, mbao ya mjozi (walnut). Kilichokuja ni cha M48, bunduki ya Yugoslavia ya mtindo huohuo wa Mauser. Ukiviweka mezani vinafanana sana, lakini chuma cha M48, yaani ule mwili wa bunduki unaoshika mtutu, ni kifupi kidogo kuliko cha 98k, kwa hiyo matundu ya zile skrubu mbili za chini hayakutani. Nilipomwandikia akanijibu, "chonga kidogo, kitaingia." Hapo ndipo penye mtego. Mbao iliyo nyuma ya jino la chuma lililo chini ya mwili huo ndiyo inayopokea teke la bunduki. Ukiichimba ikalegea, kitako kinapasuka. Isitoshe, ukishatia patasi, anakugeuzia kibao kwamba umeharibu mwenyewe na hela hairudi.

Na huo mjozi haukuwa mjozi. Ni biichi (beech) iliyopakwa rangi. Biichi inajionyesha kwa vistari vifupi vya kahawia vilivyotapakaa kama mbegu, ilhali mjozi una vinyweleo virefu vilivyo wazi, unavisikia hata kwa ukucha. Chukua pamba yenye asetoni, sugua ndani ya mfereji wa mtutu ambako hakuonekani. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, mbao ikabaki nyeupe, huo si mjozi. Biichi yenyewe si mbao mbaya, majeshi mengi yaliitumia na ilivumilia. Ninachokataa ni kulipishwa mjozi.

Wengine waliouziwa na mtu huyuhuyu wameonyesha balaa kubwa zaidi. Bunduki nyingi za jeshi zilikatwa ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, ili zipungue uzito, zitumike kuwindia. Jamaa anachukua ubao uliokatwa, anaunga kipande kwa gundi, kisha kiungo anakificha chini ya pete inayoshika mtutu. Kuunga si kosa, fundi mzuri huunga na akakwambia ameunga. Wewe mwambie avue pete, apige picha mfereji wote kwa ndani. Mistari ya mbao ikikatika ghafla mahali pamoja, hicho ni kiraka. Akisema pete imekwama, achana naye.

Mihuri ya jeshi nayo anagonga mwenyewe. Tazama kile kibati cha chuma nyuma ya kitako: kikiwa kimechomoza kuliko mbao, ujue mbao imeshapigwa msasa wa kutosha. Sasa muhuri ulioponea msasa huo huwa umefifia, kina chake kimeliwa. Wa kwake una kingo kali utadhani umegongwa jana, na pengine ni jana kweli.

Mwenye Lee-Enfield aongeze umakini. Huyu bwana anaandika "inaingia Lee-Enfield yoyote". Uongo. Kuna matoleo tofauti: ubao wa mbele wa No. 1 Mk III hauingii kwenye No. 4. Halafu sehemu ya nyuma kabisa ya ubao huo, pale mbao inapobana na chuma pande zote mbili, ndipo mafuta ya miaka mingi hujikusanya, mbao ikawa nyeusi na laini. Gundi haishiki hapo mpaka mafuta yatolewe. Yeye anafunika kwa vanishi nzito tu. Omba picha ya hapo kwa karibu, bila vanishi.

Karatasi yake ya maelekezo itupeni. Inasema uanze kwa kulegeza bolti ya kitako, ile inayofunga mbao ya nyuma kwenye chuma. Kwenye No. 1 Mk III ncha ya bolti hiyo ni ya pembe nne na imeshikwa na kibati kilichomo ndani ya ubao wa mbele. Ukiizungusha kabla ya kutoa ubao huo, unaupasua. Ubao hutoka kwanza, bolti baadaye.

Kitu kingine kilichonikera: ndani ya boksi aliweka tambara lililolowa mafuta ya kitani, limefinyangwa kwenye karatasi, eti la kumalizia kazi. Tambara la namna hiyo likikaa limekunjwa hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Ukilikuta, lilowanishe kwa maji au ulitandaze nje mpaka likauke kabisa.

Kama umeshanunua, usikifunge kitako hicho kwenye bunduki ukaenda nayo kulenga shabaha. Piga picha kila kitu kikiwa kama kilivyofika, hifadhi tangazo lake na mazungumzo yenu kabla hajayafuta, kisha dai kupitia njia uliyolipia. Wale waliomtumia hela moja kwa moja, nje ya mfumo wa malipo wa soko, bado hawajarudishiwa chochote. Anayetaka kuonyeshwa picha za kitako changu aulize hapa chini, nitaziweka.