Waya wa Cat6 wa shaba tupu: uzoefu wangu baada ya kuhangaika na mtandao unaokatika

Nyota nne kati ya tano kwa waya huu wa Cat6 (hilo ni daraja la waya wa mtandao), na nitaeleza ile moja imekwenda wapi.

Naishi Mji wa Kale, Mombasa, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Kuta zake ni nene kiasi kwamba WiFi ikifika chumba cha nyuma huwa haina nguvu tena, kwa hiyo kompyuta yangu ya mezani natumia waya kutoka kwa ruta iliyo sebuleni. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo. Mtandao ukikatika katikati ya fomu, nazirudia upya.

Na ulikuwa ukikatika kweli. Ile alama ya mtandao chini ya skrini inapotea, sekunde chache inarudi, nusu saa baadaye mambo ni yale yale. Kampuni ya intaneti kila nikipiga simu jibu ni moja: zima ruta, washa ruta. Lakini simu zetu zilikuwa zinaendelea na WiFi kama kawaida, maana yake ruta ilikuwa hai na laini ya nje ilikuwa hai. Zingekatika zote pamoja, hapo ningewalaumu wao, au hata bahari, kama Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya maji tukabaki na mtandao wa kusuasua.

Nikaanza na Windows. Kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao kuna tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme; nikaitoa. Nikasasisha draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Hayo huwafaa wengi, hasa ambao mtandao wao hupotea kompyuta ikitoka usingizini. Kwangu, wapi!

Kilichonifumbua macho ni mlango. Waya ulipita chini ya mlango wa korido, na mtoto akiubamiza tu, mtandao huo umekwenda. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri cha Windows, nikaandika ping -t, amri inayoibishia ruta hodi bila kukoma, na anwani ya ruta (kwangu ni 192.168.1.1), majibu yakawa yanamiminika. Nikauinua waya pale mlangoni kwa vidole viwili: kimya. Nikauachia, yakarudi. Halafu nikatazama kasi ya kiungo: Mbps 100, ilhali kadi na ruta zote ni za gigabit, yaani Mbps 1000. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Mbps 100 hutosheka na jozi mbili. Gigabit yazitaka zote nne. Basi kuna uzi uliokuwa haufiki.

Nikaubeba hadi duka moja upande wa Mwembe Tayari. Fundi akakata kipande, akakwangua uzi mmoja kwa wembe. "Tazama hapa, dadangu. Juu shaba, ndani alumini." Kweli, chini ya wekundu ule kulikuwa kweupe kabisa. Alumini ikikunjwakunjwa hukatika upesi kuliko shaba, na meno ya plagi nayo yalikuwa yameshaota kutu ya kijani kwa hii hewa yetu ya chumvi.

Aliniuzia wa mita 20, Cat6, shaba tupu, plagi zimefungwa kiwandani. Bei inauma, karibu maradufu ya ule wa kwanza. Kabla sijalipa nilimwomba akwangue na huo pia, akacheka lakini akakwangua: mwekundu hadi ndani. Fanyeni hivyo hivyo, kwa sababu neno Cat6 kwenye boksi halikwambii ndani kuna nini. Ukiona herufi CCA popote pale, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe rafuni.

Tangu niuchomeke, kasi inasoma 1000 na sijakatikiwa katikati ya fomu, masika yote na unyevu wake. Safari hii nimeupitisha juu ya fremu ya mlango, si chini.

Sasa ile nyota. Waya ni mgumu, haukubali kona za nyumba hizi, ilibidi niupigie misumari ya plastiki kila hatua. Na kile kifuniko cha mpira kwenye plagi ni kinene mno: ukitaka kuuchomoa kwa ruta kidole hakifikii kibana, nikaishia kutumia ncha ya kijiko.