Walizima Kabla ya Watu wa Kweli Kutoka

Nimengoja siku kadhaa hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, tarehe siikumbuki vizuri. Hapa Kisumu kuna ukumbi ambao sitautaja jina. Siku za kawaida huonyesha mpira, lakini shule zikifungwa huwafungulia watoto kuanzia asubuhi: filamu mbili kwa kiingilio kimoja, na kila mtoto anapewa mfuko wa bisi. Nilikuwa na wangu wawili na watatu wa dada yangu waliotoka Ahero. Watoto watano, nauli ya matatu, tuktuk, soda. Mzazi yeyote anaijua hesabu hiyo, na anajua kwamba ukishailipa hutaki kufanyiwa mchezo.

Filamu zote mbili zilikuwa za Disney, na zote ziliuzwa kwetu kama filamu za kweli, si katuni. Ya kwanza ni ile ya simba, The Lion King, iliyotoka 2019. Ya pili ni Queen of Katwe ya 2016, hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana maskini wa Uganda aliyefundishwa chesi. Nitazifikia zote, lakini kwanza nimalizane na yule kijana aliyeshika rimoti ya projekta.

Kama hujaiona Queen of Katwe, elewa kwamba ikiisha inakuwa bado haijaisha. Baada ya tukio la mwisho waigizaji wanatoka, na kila mmoja anasimama kando ya mtu aliyemwigiza. David Oyelowo anasimama na Robert Katende mwenyewe, yule kocha. Madina Nalwanga, msichana aliyeigiza Phiona, anasimama na Phiona Mutesi. Lupita Nyong'o anasimama na Nakku Harriet, mama mzazi wa Phiona. Maandishi yanakueleza kila mmoja amefika wapi maishani. Mimi nilikuwa nimeiona zamani kwa simu, na kwa kweli nilitoa pesa zangu kwa ajili ya dakika hizo. Nilikuwa nimewaambia watoto mapema: mtu asisimame, mwisho kuna kitu nataka mkione.

Wakatokea wawili wa kwanza. Sekunde tano, labda saba. Ghafla skrini ikawa buluu tupu, na katikati jina la projekta linaelea.

Taa zikawaka. Yule kijana alikuwa tayari anakokota viti kuvipanga upya. Nikamwendea, nikamwambia kwa upole, "Bosi, filamu bado. Tafadhali turudishie."

Hakugeuka. "Imeisha, mathe. Hayo ni majina tu."

Nikamwambia si majina, ni watu. Akasema watu wa mpira wako nje wanangoja. Nikamwomba dakika nne tu. Hapo ndipo aliponigeukia, akanipima kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kisha akasema watoto wakisikia, "Mathe, hawa hata hawajui tofauti. Wapeleke nyumbani."

Hawajui tofauti! Mtu amelipa watoto wake wakae kwenye giza saa nne nzima, halafu anaambiwa na mtu anayeshika rimoti kwamba wanawe hawajui tofauti. Nimeyarudia maneno hayo kichwani nikipika, nikifua, nikiwa kwenye foleni ya maji. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli bila kujua. Hawakuijua, na njia pekee ya kuijua ilikuwa zile dakika nne alizozizima.

Nieleze.

Ile filamu ya simba niliiona ya kwanza kabisa, ile ya katuni ya 1994, kwenye kanda ya video kwa jirani, sebule imejaa watoto wa mtaa mzima. Nililia baba yake alipokufa. Yule mtoto wa simba alikuwa amechorwa tu, lakini masikio yalilegea, macho yakajaa, mdomo ukatetemeka. Katika hii ya 2019 manyoya unayaona moja moja yakipepea, vumbi unaliona, mate unayaona. Baba anakufa, na uso wa mtoto uko vile vile kama alipokuwa akicheza na mende. Nimeshawapeleka wangu pale hifadhi ya Impala, kando ya ziwa, wakamwona simba amelala nyuma ya wavu. Uso ni ule ule. Simba wa Impala ana haki ya kuwa na uso ule. Huyu wa filamu anaomboleza baba yake!

Sisemi ni mbaya yote. Sauti ya Mufasa, yule simba baba, ni James Earl Jones yule yule wa 1994, na aliponguruma ukumbi mzima ulinyamaza. Fisi alipoitwa Shenzi watoto walicheka mpaka bisi zikamwagika, kwa sababu hapa kwetu hilo si jina la mtu, ni tusi, na wanajua wangelitamka nyumbani kingetokea nini. Sauti ya huyo fisi ni ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Kwa hivyo kuna cha kufurahia.

Lakini sikiliza. Ilipoisha, mwanangu wa mwisho aliniuliza, "Mama, hao simba walifunzwa kuongea na nani?" Aliamini. Na kwa nini asiamini? Imetengenezwa aamini. Jon Favreau, mwelekezi wake, alisema mwenyewe kwamba katika filamu nzima ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera huku Afrika, lile jua linalochomoza mwanzoni. Zile nyingine zaidi ya elfu moja na mia nne ni kompyuta. Hakuna simba hata mmoja, wala nyasi. Wachoraji wa ile ya 1994 angalau walikuja Kenya wakatazama kwa macho, na ukienda Hell's Gate kule Naivasha watakuonyesha miamba wanayosema ndiyo iliyochorwa. Hao walituambia ni katuni. Hawa wa 2019 wameiweka katuni kwenye ngozi ya mnyama na kutuambia ni kweli.

Basi ikaingia ya pili, na hapa moyo wangu ukafunguka.

Msichana anauza mahindi Katwe, Kampala. Anamfuata kaka yake mpaka mahali ambapo kocha anawapa watoto uji na kuwafundisha chesi. Watoto wanamcheka kwamba ananuka, anarusha ngumi. Siku nyingine anarudi amejiosha. Hakuna anayehubiri chochote, ni maji tu na msichana anajisugua. Niliwatazama wangu pembeni: hakuna aliyekuwa akitafuna.

Lupita alipotokea, nyuma yangu mama mmoja alipiga kelele "Nyarwa!", yaani binti yetu kwa Kijaluo, na kelele ikaenea. Babake ni Anyang' Nyong'o, gavana wetu, kwa hivyo hapa ni binti wa nyumbani. Lakini baada ya dakika kumi hakuna aliyekuwa anamwona Lupita tena. Tulikuwa tunamwona mjane asiye na kodi ya nyumba, mwenye watoto na kiburi chake, anayekataa mkono wa kila mwanaume mwenye masharti. Mama wa namna hiyo nimekutana naye Kibuye, nimekutana naye Nyalenda. Anavyosimama, mkono kiunoni, huku macho yakihesabu shilingi. Mwelekezi, Mira Nair, ana nyumba Kampala, na inaonekana. Hata matope yana rangi inayofaa.

Kisha mvua. Maji yanaingia kwenye kibanda usiku. Hapo mpwa wangu wa kati, wa darasa la tano, alinishika mkono akaubana. Hawa ni watoto wa Ahero. Mto Nyando ukivunja kingo hawasimuliwi. Wamebebwa mgongoni gizani, wamelala kwenye madarasa ya shule juu ya madawati, wamerudi nyumbani na kukuta tope limefika kwenye dirisha. Akaninong'oneza, "Kwani Uganda pia kuna Nyando?"

Nikamwambia ngoja, mwisho utawaona wenyewe.

Mwisho ndio huo: skrini ya buluu.

Sasa mnaelewa? Ndani ya tuktuk walikuwa wakibishana, na mdogo akatoa hukumu: simba ni wa kweli, msichana ni wa filamu. Nikasema la, mwanangu, msichana ndiye wa kweli, yuko hai, alienda mpaka Urusi kwa mashindano ya dunia ya chesi mwaka 2010, mama yake yuko hai, simba ndiye hayupo. Wakanitazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemfariji. Mpwa wangu hakusema kitu. Aligeuza uso akaangalia barabara mpaka Kondele. Nilikuwa nimemuahidi, na mwenye rimoti alinifanya mwongo.

Niliposhuka nilikuwa nimeamua kuandika: msiende ukumbi ule, msiguse filamu za kampuni ile, wote ni walewale. Nilikuwa tayari kuipa hata Queen of Katwe nyota mbili kwa sababu ya hasira tu. Hiyo naifuta. Ni filamu bora kuliko zote za familia nilizoona kutoka studio hiyo, na nimeona nyingi, za mabinti wa kifalme na za mbwa na za wachawi. Nikiulizwa lawama nyingine ni ipi, nitasema Waganda wanazungumza Kiingereza hata wakiwa jikoni peke yao, na hilo lilinikwaruza sikio. Basi. Na hata hilo watoto walilisahau.

Lakini hasira ilipohama kutoka kwa kijana, ilihamia kwa wenye studio, na huko bado iko. Hii ya Katwe iligharimu kama dola milioni 15, na kwenye kumbi za sinema haikurudisha hata hizo. Ile ya simba iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Hesabu kama hiyo ikiwekwa mezani, unajua ni ipi itakayotengenezewa nyingine. Mwaka 2024 ikaja ya Mufasa, manyoya tena, kompyuta tena. Mtoto wa pili wa Katwe yuko wapi? Wa Ahero yuko wapi? Mtanijibu kwamba biashara ni biashara, na sina jibu, ila nasema niliyoyaona: watoto walioacha kutafuna.

Nimtendee haki na yule kijana. Bisi zilikuwa za moto, sauti ilikuwa safi, choo kilikuwa na maji, jambo ambalo sijalipata hata kwenye kumbi za bei mara mbili. Na nje kweli walikuwapo wanaume wengi na jezi zao, wengine wanapiga mlango. Huenda na yeye ana bosi anayemfokea. Ningemsamehe kuzima. Ile kauli ya tofauti siwezi, kwa sababu aliwaambia watoto. Nilisema sirudi pale kamwe. Sasa sijui. Wangu wameshaanza kuuliza habari za Desemba, na kumbi nyingine za watoto hapa mjini kwa pesa yangu sizioni. Nikirudi nitakaa kiti cha karibu na projekta, na nitataka kuambiwa mlangoni, kabla sijatoa shilingi, kwamba majina yatapita mpaka la mwisho.

Mwisho wenyewe tuliupata siku nyingine. Binamu yangu wa Nakuru alikuwa nayo, akaja nayo, tukaiweka kwenye simu ya inchi chache iliyopasuka kioo pembeni, tumeiegemeza kwenye kopo la Blue Band. Wale wengine walikuwa nje wanacheza. Mpwa wangu alibaki. Alipotokea Harriet, amesimama na Lupita, akakigusa kioo kuisimamisha, akasogeza uso karibu sana mpaka pumzi ikaacha ukungu, akaufuta kwa kiganja.

"Kumbe huyu ndiye maji yaliingia kwake," akasema.

Kisha akaenda mlangoni kuwaita wenzake.