Lenzi ya jicho kwa mshona kofia: nyota nne kati ya tano

Nashona kofia za mkono, zile za vitobo, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi hii hushikwa karibu na uso, na hata ukikaa wima haizidi sentimita 40 kutoka jichoni. Natanguliza hayo kwa sababu maelezo karibu yote niliyopewa kuhusu lenzi za bandia zinazowekwa ndani ya jicho baada ya kuondolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi yako ya asili iliyoingia ukungu, yalimhusu mtu anayetaka kuendesha gari bila miwani. Gari sina, na sina haja nalo.

Nilichowekewa ni lenzi za kawaida, monofokali, za akriliki, plastiki laini inayokunjwa ili ipite kwenye tundu dogo. Monofokali huona vizuri umbali mmoja tu. Zangu hazikupimwa kwa umbali ambao hospitali nyingi huchagua, na ndiyo maana naandika.

Tangu shule ya msingi mimi ni mtu wa kuvaa miwani ya kuona mbali. Nikitaka kutunga uzi naivua, na kitobo nakiona mpaka ukingo wake. Wenye macho kama yangu wananielewa. Sasa mtoto wa jicho akiondolewa, ile lenzi uliyozaliwa nayo huondoka, na daktari huweka ya bandia kwa nguvu anayoitaka. Usiposema neno, mara nyingi utawekewa ya kuona mbali. Utatoka unasoma namba ya matatu iliyo ng'ambo ya barabara, lakini ukitaka kushona bila miwani, hutaona kitu. Kwa aliyezoea kuona karibu kwa macho matupu maisha yake yote, hiyo ni hasara, na haandikiwi popote kwenye fomu anayotia sahihi.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, ambayo siitaji, mshauri alinifungulia kijitabu cha picha za bibi na babu wanacheka. "Mama, hii ya multifokali ndiyo ya kisasa, miwani utasahau." Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya kawaida. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Nilipomuuliza mimi inafanyaje kazi, alirudi kwenye picha.

Jibu nililipata kwingine. Multifokali huugawa mwanga unaoingia jichoni: sehemu inalenga mbali, sehemu inalenga karibu, na nyingine siku hizi zina sehemu ya katikati. Mwanga uliogawanywa hupunguza utofauti wa rangi, yaani kitu na kilicho nyuma yake huachana kidogo kuliko ilivyo kwa lenzi ya kawaida. Usiku, taa hujivika duara. Kwa wengi si tatizo. Shemeji yangu anazo, ana duka, anasoma simu na kuona kopo la rafu ya juu bila kutafuta miwani, na pete za taa za bodaboda anasema ameshazizoea. Lakini mimi nashona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe! Huo utofauti mdogo ndio riziki yangu. Kabla ya upasuaji uzi mweupe na ule wa rangi ya maziwa ulikuwa umeanza kufanana machoni pangu, hata mjukuu akawa ndiye anayenichagulia. Sikuwa tayari kulipa zaidi ili nipunguziwe tena.

Daktari wa hospitali ya pili ni binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Swali lake la kwanza: "Mama, mikono yako inafanya kazi gani?" Akaniambia nije na kofia. Nikaja nayo, nikakaa kama nikaavyo barazani, akapima kwa rula kutoka jichoni hadi kwenye sindano. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya moja kwa umbali wa mita, unapata daiopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Sentimita 40 ni 2.50. Basi jicho la kulia likapangwa libaki na kasoro ya kutoona mbali ya daiopta 2.50, kwa makusudi. La kushoto, ambalo lilifuata baadaye, likapangwa 1.00, yaani umbali wa mita moja: uso wa mteja aliyekaa mbele yangu, sufuria jikoni, chenji mkononi. Kabla ya kulikata hilo la pili alinijaribishia tofauti hiyo kwa vioo vya kupimia nikatembea ukumbini, maana wako watu ambao macho yasiyolingana huwatia kizunguzungu. Mimi sikuhisi lolote.

Kipimo cha urefu wa jicho msikifanye kwa haraka. Unaweka kidevu, unatazama taa, mashine inasoma. Mtoto wa jicho akiwa mzito sana mwanga haupenyi, wanatumia mawimbi ya sauti. Kosa la milimita moja tu katika urefu huo laweza kupotosha nguvu ya lenzi kwa daiopta mbili na nusu au zaidi. Ndiyo maana nilifurahi alipopima, akasita, akapima tena. Kipimo hicho kina uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi.

Dada yangu alifanyiwa Lamu, kwenye kambi ya macho ya bure, miaka mingi nyuma. Yeye aliwekewa lenzi ya plastiki ngumu isiyokunjika, inayohitaji tundu kubwa zaidi, na mpaka leo anachambua mchele bila taabu akivaa miwani yake ya kusomea. Plastiki hiyo ni ya jamii ileile aliyotumia Harold Ridley kule London mwaka 1949, alipoweka lenzi ya kwanza kabisa. Alikuwa ameona vipande vya plastiki hiyo, iliyotumika kama kioo cha ndege za vita, vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyachokoza. Na lenzi zimeshuka bei sana tangu viwanda kama Aurolab cha Madurai, India, kilichoanza 1992, vitengeneze lenzi za watu wa kipato cha chini. Kwa hiyo ukiambiwa ya bei nafuu haifai, mwombe anayekuambia akueleze haifai kwa lipi.

Matokeo yangu: natunga uzi mwenyewe. Kitobo nakiona, na weupe umerudi kuwa weupe, hata siku za mwanzo ulionekana kama umetiwa buluu. Jioni nahitaji taa nzuri, lakini hilo halikuanza leo.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Lenzi hii haisogei: nikileta kazi karibu zaidi ya ilivyopimwa inafifia, kwa hiyo kofia yenye michoro midogo mno bado inataka kioo cha kukuzia. Na kile kipindi kati ya jicho la kwanza na la pili kilikuwa kibaya. Jicho moja jipya, jingine la zamani lenye kasoro kubwa, ngazi za nyumba zetu hizi nilizishuka kwa kushika ukuta. Haya ya pili si kosa la lenzi, lakini mtu aambiwe mapema, na apange nani atampikia.

Watakupa kadi yenye stika ya lenzi, imeandikwa nguvu na namba yake. Itunzeni pamoja na kitambulisho. Baada ya miezi au miaka, ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lenzi huweza kuingia ukungu. Hapo husafishwa kwa leza, na lenzi haibadilishwi.

Miwani ya mbali bado navaa nikitoka nje, kama zamani. Bila hiyo, ukinipungia mkono ng'ambo ya barabara sikujui, usinune. Msiinunue mapema: jicho huchukua wiki nne hadi sita kutulia, na fundi wa miwani aliyetaka kunipimia wiki ileile ya upasuaji nilimwambia asubiri.