MRI ya tezi dume Moshi: mashine poa, mapokezi mh!

Nimempeleka mzee wangu kupiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya tezi dume hapa Moshi, kituo sikitaji. PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) ilisoma juu, na kabla hajachomwa sindano za kutoa vinyama vya kupima kansa, daktari akasema tuanze na picha. Hapo nilimkubali, maana PSA hupanda hata kwa maambukizi au tezi kutanuka tu, na utafiti wa PROMIS wa Uingereza (2017) ulionyesha MRI ikitangulia karibu robo ya wanaume wanaweza kukwepa hizo sindano.

Jamaa wa mashine yuko vizuri sana, akamvua mzee saa, mkanda, sarafu zote, akamuuliza kama ana chuma mwilini, akampa vya kuziba masikio maana ile kitu inagonga kama fundi bati, halafu kitufe cha kubonyeza akizidiwa. Mzee katoka anauliza "kumbe hamna kidole?"

Mapokezi sasa! Bei ya kwenye simu na ya dirishani tofauti, na dada anaita "mzee wa tezi dume" foleni nzima inasikia, jamani. Na mkiambiwa ultrasaundi ya tumbo inatosha, ile inapima ukubwa wa tezi, kansa inaweza kuipita. Picha wanatoa kwenye CD, ila mpaka uidai.