Othaya na Lang'ata: viti viwili, tabia mbili

Othaya, eneo bunge la Nyeri nchini Kenya, ina historia tulivu. Mwai Kibaki alihamia huko mwaka 1974 akitoka Bahati, Nairobi, akakikalia kiti hadi 2013. Chama kilibadilika, KANU kikawa DP na vingine vikafuata. Mbunge yule yule.

Lang'ata, eneo bunge la Nairobi, ndiyo yenye utamu, kwa maoni yangu. Kabla ya Raila Odinga kushinda 1992, mbunge alikuwa Philip Leakey, Mzungu (naam, katika Bunge la KANU). Raila naye alipotoka chama cha FORD-Kenya kwenda chama cha NDP ilibidi arudi kwa wapiga kura, akashinda uchaguzi mdogo wa Machi 1997. Mwaka 2013 Kibra ikamegwa kutoka Lang'ata, ikawa eneo bunge linalojitegemea, na Ken Okoth akawa mbunge wake wa kwanza.