Pampu ya kujazia tairi upepo, ya kushika kwenye betri: nilivyoiona njia ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana

Pampu yangu ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari. Iliunguza fyuzi nikiwa bado mjini, kwenye tairi la pili tu, nikashukuru imeniumbua mapema. Hii ya sasa niliinunua Kirinyaga Road, Nairobi, kwa shilingi 7,500. Ina vibanio viwili vya kushika betri moja kwa moja na mpira unaofika hadi magurudumu ya nyuma.

Isiolo hadi Laisamis ni lami, hakuna hadithi. Pale Laisamis nilijaza tangi, na mzee mmoja aliyekuwa kivulini akaniuliza, "Umebeba spea ngapi, kijana?"

"Mbili, mzee."

"Zina upepo?"

Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Ukikata kushoto unaingia barabara iliyokarabatiwa, zaidi ya kilomita 200, ili malori yafikishe mitambo ya umeme wa upepo Sarima. Watu wakisikia hivyo hudhani ni lami. Ni changarawe, tena sehemu nyingine imejikunja kama bati la nyumba. Nilipunguza upepo wa matairi kutoka psi 36 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) hadi 26, gari likatulia. Ila baada ya hapo usikimbie: tairi laini likikimbizwa hupata joto hadi likapasuka. Mimi sikuvuka 60.

Pancha ya kwanza ilitukuta Sarima kwenyewe. Nilipachika utambi wa mpira kuziba tundu la pancha, nikawasha pampu injini ikiwa inanguruma (ukiizima, pampu itakumalizia betri), na dakika tano baadaye tairi limesimama. Shemeji alikuwa ameshika kofia isipeperushwe, anaitazama mitambo 365 inavyozunguka. "Upepo wote huu," akasema, "na bado tunanunua wa dukani!"

Ya pili ndiyo iliyonifunza adabu. Tukiteremkia Ziwa Turkana, jiwe jeusi la volkano lilichana ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kwa utambi hata ufanyeje. Nikashusha spea kutoka chini ya gari. Psi 14! Magurudumu manne nilikuwa nimeyapima asubuhi, hili la tano lilikaa huko chini miezi sijui mingapi bila kuguswa. Bila pampu tungelala pale, na mtandao wa simu haukuwepo. Dakika nane, tukaondoka.

Sasa kasoro. Saa yake ya kupimia husoma psi 3 zaidi ya ukweli, kwa hiyo nunua kipimo cha pembeni. Ukishajaza matairi mawili mfululizo, ipumzishe robo saa, la sivyo itajizima yenyewe. Na ile ncha ya shaba ya mpira hupata moto kweli kweli. Kitabu cha maelezo hakisemi lolote, lakini kidole changu cha shahada bado kina alama.