TAHADHARI: Muuzaji wa "Kazak ya mwaka 1810" kwenye magrupu ya WhatsApp

Ndugu zangu mnaopenda mazulia ya zamani, hasa mlioko Dubai na Sharjah, kaeni macho. Kuna jamaa anauza "Kazak halisi za Kaukazi" (mazulia ya kufuma kwa mkono kutoka milima iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi) na anataka alipwe zote kabla ya kuleta mzigo. Kazi yangu ni kufua na kutengeneza mazulia, na wateja wake wanaishia kwangu.

Dada mmoja kaleta lake juzi. Mbele linapendeza, nyota kubwa kwenye uwanja mwekundu. Ukiligeuza, mtande (nyuzi za urefu) ni pamba nyeupe tupu. Kazak ya zamani ni sufu mtande na mshindio (nyuzi za kukatiza), na mshindio mara nyingi huwa mwekundu. Hilo ni la Pakistan, wanakofuma nakshi hizo kwa wingi siku hizi. Zulia lenyewe si baya, bei ndiyo wizi. Matamvua yameshonewa kwa cherehani, wakati ya kweli ni ncha za mtande wenyewe. Halafu sehemu nyeusi zimepunguzwa kwa mkasi. Wanajua kuwa rangi nyeusi ya kale ilikuwa na chuma, ikila sufu taratibu mpaka inabaki fupi kuliko rangi nyingine, basi wakaigiza.

Lingine ni la zamani kweli, ila limezeeshwa. Ndani yake umefumwa mwaka wa Hijria: ١٢٢٥ (1225), yaani 1810 Miladia. Tazama kwa karibu ile ٢ (2) ya kwanza. Ilikuwa ٣ (3), jino moja limeng'olewa na kufumwa upya kwa uzi wenye wekundu tofauti kidogo. Mwaka wake wa kweli ni 1325 Hijria, sawa na 1907. Karne nzima kaitoa kwenye sindano!

Na ile hadithi yake kwamba nakshi ya baadhi ya mazulia yake ni "tai wa mfalme wa Urusi" ipuuzeni. Nakshi hiyo inaitwa Chelaberd, ya Karabagh (eneo la Kaukazi), na wataalamu wengi wanaihusisha na mazulia yenye nakshi za majoka ya karne ya 17. Jina la tai wamelibandika wafanyabiashara.

Mwombeni picha za mgongo, matamvua na tarehe kwa karibu. Akiombwa hizo, jibu lake ni lile lile: "Zulia limeshafungwa, bosi."

Kama umeshamtumia pesa, usifute mazungumzo wala kumzuia. Hifadhi risiti na sauti zake, kisha peleka malalamiko kwenye huduma ya eCrime ya polisi wa Dubai.